Maswali ya Wasomaji: Kishikio cha Gia Kinacholegea

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki gari la Uingereza lililoundwa mwaka 1967. Kishikio kilicho juu ya wenzo wa gia, ambacho ni cha mbao na ndicho gari lilichotoka nacho kiwandani, huzunguka ovyo ninapobadilisha gia. Nimekikaza kwa mkono mara nyingi, nacho hulegea tena. Rafiki yangu ananishauri nikigandishe kwenye wenzo kwa gundi kali. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Tunakusihi usiufuate. Ni lazima kishikio kiweze kufunguka siku fundi atakapohitaji kuvua mfuko unaofunika wenzo ili aifikie giaboksi, na kilichogandishwa kwa kawaida hutoka kwa kupasuliwa. Kishikio cha asili cha gari la umri huo kinastahili kutunzwa.

Kwanza ujue kinachocheza ni kipi. Ushikilie wenzo kwa mkono mmoja, chini kidogo ya kishikio, kisha ukizungushe kishikio kwa mkono wa pili. Ukiona wenzo wenyewe ndio unaoyumba, tatizo liko chini, huenda kwenye bushi zilizolika, na hakuna utakalolitengeneza huku juu. Ikiwa ni kishikio, kifungue chote. Lakini hakikisha kwanza kwamba hakina swichi ya ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo wa kasi), kwa kuwa baadhi ya magari ya Uingereza yaliwekewa swichi hiyo hapo, na ukikizungusha utakata nyaya zake.

Ndani ya kishikio cha mbao mara nyingi huwa mna kikombe kidogo cha shaba chenye hesi, yaani mifereji ya mzunguko kama ya skrubu. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa kufuata unyevu wa hewa, ilhali shaba haiendi na mabadiliko hayo, kwa hiyo baada ya miaka mingi kikombe huachia na kuanza kuzunguka ndani ya mbao. Tunashuku kwamba hiki ndicho kisa chako, kwa sababu kukaza hakukusaidii. Kitoe kikombe, ukikwaruze kwa nje kwa msasa, usafishe tundu la mbao, kisha ukirudishe kwa gundi ya epoksi, huku hesi za ndani ukiwa umezipaka nta ili gundi isizishike. Gundi hapa haina madhara, kwani inaunganisha shaba na mbao, wala haigusi wenzo. Iache siku nzima kabla ya kutumia gari.

Kama kikombe ni imara na hesi hazijalika, itafute nati nyembamba ya kufungia chini ya kishikio. Ikiwa haipo, zungushia hesi za wenzo utepe wa tefloni, au utumie tone moja la gundi ya nati ya nguvu ndogo. Ile ya nguvu kubwa huachia kwa moto mkali, na mbao haiuvumilii. Tena gundi za namna hiyo zinaweza kuipasua plastiki ya aina fulani, jambo ambalo wenye vishikio vya plastiki wanapaswa kulizingatia.

Ukilazimika kununua kishikio kingine, pima hesi kwa makini. Magari ya Uingereza ya miaka hiyo mara nyingi yana hesi za inchi, na ukubwa wa inchi 5/16 ni milimita 7.94, karibu sawa kabisa na hesi ya milimita 8, ila nafasi kati ya hesi na hesi ni tofauti. Kishikio kisichofaa huingia mizunguko miwili hivi kisha hukwama, na anayeendelea kukilazimisha huharibu hesi za wenzo wenyewe.

SWALI: Cha kwangu kimekaza, lakini mchoro wa gia umeelekea upande. Nifanyeje?

JIBU: Ilegeze nati ya kufungia na uishushe kidogo, ukizungushe kishikio mpaka mchoro ukuelekee, kisha ukishike kisiende popote huku ukiipandisha nati kwa spana hadi ikibane kwa chini.