Maswali na majibu: Je, moshi wa jikoni unaweza kufungulia sprinkla zote za jengo?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika jengo la ghorofa tatu. Mwezi uliopita kichwa kimoja cha sprinkla (vile vifaa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea) kilivuja kwenye korido. Fundi alikuja akafunga valvu kuu, na anashauri tuiache hivyo hivyo. Anasema moshi wa chakula kilichoungua unaweza kufungulia sprinkla zote, maji yakaharibu samani na kompyuta za watu. Moto ukitokea, mlinzi atashuka kuifungua. Je, ushauri huu ni sahihi?

JIBU: Hapana. Kichwa kilichovuja kibadilishwe leo na valvu ifunguliwe leo. Mpaka hapo, awepo mtu wa kuzunguka jengo usiku na mchana akiangalia moto, na kikosi cha zimamoto kijulishwe kwamba mfumo wenu haufanyi kazi.

Ushauri kama huu naukuta kila mara, na unaniudhi kwa sababu anayeutoa huitwa mtaalamu. Sprinkla haitambui moshi, inatambua joto tu. Kwa kawaida kila kichwa kina kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likipanda, kimiminika hutanuka, kichupa hupasuka, kizibo kilichokuwa kinashikiliwa huchomoka na maji hutoka. Kichupa chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, cha njano 79, cha kijani 93. Hilo ni joto la kichupa chenyewe, huko juu kwenye dari. Sufuria ikiungua, king'amuzi cha moshi kitalia na mtatoka mkikohoa, lakini kichupa kitabaki kizima.

Tena kila kichwa hupasuka peke yake. Kati yake na jirani yake hakuna waya wala ishara, ni bomba tu lenye maji. Ile picha ya ukumbi mzima kunyeshewa kwa sababu mtu mmoja kawasha kiberiti imetoka kwenye sinema. Ipo kweli aina ambayo vichwa vyote viko wazi na humwaga kwa pamoja, lakini huwekwa penye transfoma kubwa au hanga za ndege, si kwenye nyumba za kuishi. NFPA, shirika la Marekani lililoundwa mwaka 1896 kutokana na vurugu ya kanuni za kuweka sprinkla, limekuwa likikusanya takwimu za moto kwa miaka mingi. Zinaonyesha kwamba pale sprinkla zinapofanya kazi, mara nyingi kichwa kimoja tu kinatosha. Kichwa cha kawaida kwenye shinikizo la bar 1 hutoa lita 80 kwa dakika. Mpira mmoja wa zimamoto hutoa mara kadhaa ya hizo, na hufika moto ukiwa umeshakua. Anayezihurumia kompyuta azihurumie kwa hesabu hiyo.

Sasa hili la mlinzi kushuka kufungua valvu. Tuseme yuko macho, ufunguo anao, na moshi haujamfungia njia. Bado amechelewa, na sababu iko kwenye hesabu ya mabomba. Kwa majengo ya makazi kama lenu, kiwango cha NFPA 13R hupima pampu na mabomba kwa vichwa visivyozidi vinne vinavyomwaga kwa wakati mmoja. Valvu ikiwa wazi, kichwa cha kwanza hupasuka moto ungali mdogo, hupoza hewa ya darini na kulowesha vilivyo jirani, kwa hiyo vichwa vingine havifikii joto la kupasuka. Valvu ikiwa imefungwa, kichupa hupasuka na maji hayaji. Joto linatambaa darini, linapasua cha pili, cha tatu, cha kumi. Mlinzi akifungua wakati huo, maji yaliyopimwa kwa vichwa vinne yanagawanywa kwa vyote vilivyopasuka. Shinikizo likishuka hadi robo, kila kichwa hutoa nusu tu ya maji yake. Yanayotoka hapo hayazimi godoro linalowaka.

Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia liliwaka kuanzia ghorofa ya 22, ambayo haikuwa na sprinkla. Valvu za kupunguza shinikizo kwenye mabomba ya zimamoto zilikuwa zimewekwa vibaya, mipira ikakosa nguvu, na wazimamoto watatu walikufa. Moto uliendelea kupanda hadi ghorofa ya 30, ambako sprinkla zilikuwepo, zikilishwa maji na magari ya zimamoto. Vichwa kumi viliusimamisha. Moto ulioshinda kikosi kizima ulisimama pale maji yalipokuwa tayari juu yake.

Takwimu hizo hizo za NFPA zinasema sababu kubwa kuliko zote ya sprinkla kutofanya kazi kwenye moto ni mfumo kuwa umefungiwa maji. Vifaa vibovu huja nyuma kabisa. Wanaofunga ni watu kama fundi wenu. Wapo pia wanaopaka rangi dari pamoja na vichwa, na rangi ile huchelewesha kichupa kupata joto. Kichwa kilichopakwa rangi hakisuguliwi, kinabadilishwa. Wapo wanaoziba kwa plagi tundu la kichwa kilichovuja na kudai wametengeneza. Wapo wanaopanga maboksi hadi darini, wakati chini ya kichwa panatakiwa nafasi wazi ya angalau sentimita 45 ili maji yatawanyike.

Valvu kuu iachwe wazi na itiwe mnyororo na kufuli ili isifungwe, au iwekewe swichi inayopiga kengele ikiguswa. Kisha mwulizeni fundi liko wapi bomba la majaribio, ambalo kwa kawaida huwa mwisho wa mfumo. Likifunguliwa, huiga kichwa kimoja kilichopasuka: maji yatoke kwa nguvu, na kengele ilie ndani ya sekunde 90. Kama hajui lilipo, au anataka kuwaandikia cheti bila kulifungua mkiwa mnaangalia, msimlipe, tafuteni mwingine mwenye leseni.