Bango la Marsha: tuchore mto au uso?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandaa bango la kuchapa kwa mkono kumkumbuka Marsha P. Johnson, mwanaharakati transjenda wa New York. Tutachonga kibao laini cha linoleamu, tukipake wino na kuchapa kwa rangi mbili. Tumegawanyika: wenzangu wanataka mto Hudson, ambako mwili wake ulikutwa Julai 1992, mimi nataka uso wake. Na jina, tuliandike au picha inajitosheleza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Choreni uso.

Najua kwa nini wenzako wanavutwa na mto. Polisi walikimbilia kusema amejiua, rafiki zake wakakataa katakata, na mwaka 2012 jalada likafunguliwa upya. Ni dhuluma inayostahili kusemwa, lakini inataka maelezo, na maelezo yana karatasi yake pembeni. Marsha aliishi miaka 46. Alikuwepo mwaka 1969 kwenye ghasia za Stonewall, baa ya New York ambako wapenzi wa jinsia moja na transjenda walipinga uvamizi wa polisi. Mwaka uliofuata yeye na mwanaharakati mwenzake Sylvia Rivera wakaanzisha kikundi cha STAR, wakawatafutia pa kulala vijana wa mitaani waliofukuzwa makwao. Baadaye akaandamana na kikundi cha wanaharakati cha ACT UP kudai wagonjwa wa UKIMWI watibiwe. Siku moja ya Julai isiyafunike yote hayo.

Jina liandikeni, tena kubwa. Mwaka 1975 msanii maarufu wa Marekani Andy Warhol aliwapiga picha Marsha na wenzake, Weusi na Walatino, kwa kamera ya Polaroid, akatengeneza mfululizo wa chapa za skrini ulioitwa Ladies and Gentlemen. Nazipenda zile rangi, siwezi kusema uongo. Lakini majina ya waliokaa mbele ya kamera hayakutajwa. Uso wa Marsha ukaingia kwenye sanaa ya matajiri, mwenyewe akabaki mtu asiyejulikana. Jambo hili linaniuma hadi leo, na ninyi mnaweza kulirekebisha kwa kipande cha linoleamu. Herufi P msiiache, aliichagua mwenyewe.

Sasa kazi. Rangi ya kwanza iwe ya maua, maana Marsha alijulikana kwa taji la maua mabichi kichwani. Tumieni waridi au njano, muichape kwanza, muiache ikauke kabisa. Wino wa mafuta hauna haraka. Nyeusi ifuate juu yake. Wekeni alama za pembe mezani ili kila karatasi ikae palepale, la sivyo taji litamwangukia machoni.

Anzeni kuchonga macho mikono ikiwa haijachoka, kwa patasi nyembamba kuliko zote. Kinachobaki ndicho kinachoshika wino, kwa hiyo meno ya lile tabasamu lake pana ndiyo yanayochimbwa, yabaki weupe wa karatasi. Herufi ziandikeni kwenye karatasi nyembamba, igeuzeni, ndipo mzinakili. Zikisomeka vizuri kwenye kibao, zitatoka kinyume kwenye bango. Wino msiurundike. Rola ya kupakia wino ikitoa mlio mwembamba wa kunatanata, inatosha. Wino ukizidi, punguzeni, mistari ya nywele isije ikazibika.

Chini ya jina wekeni mwaka wa kuzaliwa, 1945, na sentensi moja juu ya vijana wale aliowahifadhi. Nakala ya kwanza msiiwekee fremu: ibandikeni ukutani, simameni mbali, mwulizeni mpita njia asiyemjua anasoma nini. Akishindwa kulisoma jina, rudini mkachonge herufi nene zaidi kabla ya kuchapa nyingine.