Namna ya Kusoma Mwenendo wa Matokeo ya KCSE katika Kaunti Ndogo Yenu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, yanapotangazwa, wazazi wa huku Nyakach, Kaunti ya Kisumu, huanza kutumiana jedwali la wastani wa shule za kaunti ndogo, na kwa kuwa nimehudumu katika bodi ya shule ya kutwa, huwa naulizwa ni ipi inayopanda na ipi inayoshuka. Kabla ya kujibu, hutaka kwanza kujua iwapo mtihani wenyewe ulibaki vile vile katika miaka inayolinganishwa.

Mwaka wa 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 nchini walipata gredi ya A. Mwaka wa 2016, udanganyifu ulipobanwa, waliobaki ni 141. Shule iliyoporomoka mwaka huo iliporomoka pamoja na nchi nzima, na kumlaumu mwalimu mkuu wake pekee kulikuwa kumwonea. Tena mwaka wa 2023 utaratibu wa kukokotoa gredi ya jumla ulilegezwa: badala ya Kiingereza na Kiswahili kuhesabiwa zote mbili pamoja na Hisabati na sayansi mbili, sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja na masomo matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Waliopata C+ na zaidi wakaongezeka kutoka 173,345 mwaka wa 2022 hadi 201,133. Kwa hiyo shule inayojivunia kupanda kati ya miaka hiyo miwili ionyeshe kwamba ilipanda kuliko majirani zake. La sivyo, imebebwa na hesabu mpya tu.

Jambo la pili ni idadi ya watahiniwa, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo safu ambayo wengi huiruka. Katika shule yenye watahiniwa 20, mwanafunzi mmoja akitoka D yenye pointi 3 hadi A- yenye pointi 11, wastani wa shule nzima hupanda kwa 0.4, na watu huandaa sherehe. Wastani hupanda pia wanafunzi dhaifu wanapolazimishwa kurudia darasa au kwenda kujisajili kwingine. Chukua sajili ya kidato cha kwanza, iweke kando ya orodha ya watahiniwa miaka minne baadaye, kisha uulize waliokosekana walikwenda wapi. Mimi huliona swali hilo kuwa zito kuliko wastani wenyewe.

Omba pia uchanganuzi wa kila somo, ile karatasi yenye safu kuanzia A hadi E. Mara nyingi utaona Kiswahili kimejaa katikati huku Kemia ikirundikana kwenye D- na E, na hapo mjadala hugeukia maabara na upungufu wa walimu, mambo ambayo bodi inaweza kuyafanyia kazi.

Hatimaye, linganisha alama ambazo wanafunzi waliingia nazo kidato cha kwanza na gredi walizotoka nazo. Shule ya kutwa inayopokea mwanafunzi mwenye alama 200 kati ya 500 za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kumfikisha C imefanya kazi kubwa, hata jedwali likiiweka mkiani. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na wanafunzi wake watafanya KCSE mwaka wa 2027. Anayetaka ulinganisho huo aombe sajili zenye alama hizo za KCPE sasa, kabla hazijatupwa stoo.