Kabla ya kuongeza eka, jifunze kamba

Shikamoo kaka. Umesema wewe na shemeji mnalima eka moja ya mahindi kwa jembe la mkono, mnaamka alfajiri, na mavuno hayapandi. Sasa mnafikiria kukodi eka ya pili. Nawaomba msikodi kwanza.

Umeeleza kwamba mnapanda kwa kukadiria kwa hatua, mbegu 3 kila shimo. Hatua ni kama mita 1. Eka ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo mnapata mimea 12,000 hivi, tena mitatu mitatu inanyang'anyana chakula. Chukua kamba, ifunge mafundo kila sentimita 30, mistari iachane sentimita 75, mbegu 1 kila fundo. Hapo eka hiyohiyo inabeba karibu mimea 18,000. Siku ya kwanza kamba itawachelewesha na mtagombana nayo. Siku ya tatu mikono imezoea.

Palizi nayo ni ujuzi wa kujua siku. Palilieni wiki ya 2 au ya 3, magugu yakiwa bado machanga. Mimi nilikuwa nangoja yafike magotini, nikafanya kazi ngumu zaidi huku mahindi yameshadumaa. Iliniuma sana nilipoelewa.

Mbolea ya kukuzia wekeni udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukieni.

Msimu huu jaribuni robo eka tu kwa kamba, na mavuno yake myapime peke yake. Bwana shamba wa kata mwiteni siku ya kupanda, awaone mnavyofanya.