Maswali na Majibu: Kumkinga mzee asianguke nyumbani

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mama yangu ana umri wa miaka 76. Tulimchukua kutoka Ukerewe baada ya baba kufariki, na sasa anaishi nami Mabatini, jijini Mwanza, katika nyumba ya kupanga iliyoko mlimani. Choo na bafu viko nje, na ili kuvifikia ni lazima ushuke ngazi za mawe zisizolingana. Katika mvua za vuli zilizopita alianguka mara mbili: kwanza usiku alipokuwa akienda chooni, kisha bafuni alipokuwa akioga. Hakuvunjika, lakini siku hizi anatembea kwa woga, akishikilia kuta. Kaka yangu anataka mama akae kitini na asiende popote mpaka apate mtu wa kumshika mkono. Mama mwenyewe anasema ni uzee tu, tusijisumbue. Fedha niliyo nayo ni kidogo na nyumba si yangu. Nianzie wapi? (Binti yake, Mabatini)

JIBU: Pole sana, dada yangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Neno lake la kwamba ni uzee tu nalisikia kwa wazee wengi, na naomba mlipinge kwa upole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na kwamba watu wapatao 684,000 duniani hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hata hivyo, ukimuuliza mzee kwa utulivu alianguka wapi, saa ngapi, amevaa nini na alikuwa akifanya nini, mara nyingi sababu hujitokeza, na sababu ikijulikana inaweza kurekebishwa. Mama yako ameanguka mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa katika safari ya chooni na bafuni. Basi kabla ya kununua chochote, anza na njia hiyo.

Ushauri wa kaka yako unatokana na upendo, lakini utamdhuru mama. Misuli ya mapaja ya mzee anayeshinda kitini hulegea katika muda wa majuma machache, na siku atakapolazimika kusimama peke yake ataanguka kwa urahisi zaidi kuliko sasa. Aendelee kutembea, kinachotakiwa ni kuitengeneza njia anayoipita.

Chagua usiku mmoja uifuate njia hiyo pamoja naye tangu anapoamka kitandani, akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku na kubeba taa anayoitumia. Usimwelekeze. Tazama tu anaweka mkono wapi, anasita wapi, na mguu unagusa nini. Jambo moja ambalo familia nyingi za kanda yetu hazilifikirii ni chandarua. Mzee anakichomoa chini ya godoro gizani, pindo linaanguka sakafuni, anaweka mguu juu yake na kujaribu kusimama wakati huo huo. Chandarua ni cha lazima kwa sababu ya malaria, kwa hiyo msikiondoe. Kifungeni juu kidogo ili pindo lisiburute, na upande anaotokea kiwepo kitu imara cha kushika anapoinuka. Kitanda nacho kiwe na kimo kinachomwezesha kukanyaga sakafu kwa nyayo nzima akiwa ameketi. Kikiwa kirefu mno, fundi seremala anaweza kukata miguu yake. Kikiwa kifupi, anaweza kuiongeza kwa vipande vya mbao vilivyofungwa barabara, si kwa matofali yaliyopangwa tu.

Kwa safari za usiku, njia ya gharama ndogo kuliko zote ni kumwondolea ulazima wa kushuka ngazi gizani. Stuli imara iliyotobolewa katikati, yenye ndoo ya mfuniko chini yake, ikiwekwa karibu na kitanda inatosha. Hapa pana suala la heshima ambalo halipaswi kupuuzwa. Mama anaweza kukataa, hasa kama analala chumba kimoja na wajukuu, na atakuwa na haki ya kukataa. Weka pazia, mwulize angependa nani akaimwage ndoo hiyo asubuhi, na umwache aamue mwenyewe. Kifaa ambacho mzee amewekewa bila kuulizwa hubaki pembeni bila kutumika.

Sasa ngazi. Wakazi wa milima ya Mwanza tumezoea kuishi juu ya miamba, na mazoea hayo yanatufanya tusione hatari iliyopo. Mguu hukariri kimo cha ngazi ya kwanza na kutarajia kimo hicho hicho kwa zinazofuata; tofauti ya sentimita mbili tu inatosha kumfanya mtu ajikwae, naye kijana hujishika kwa haraka ambayo mzee hana tena. Mwombe fundi mwashi azisawazishe ngazi zote, kila moja iwe na kimo cha sentimita 15 hadi 17 na sehemu ya kukanyaga isiyopungua sentimita 28, kisha ukingo wa kila ngazi upakwe rangi nyeupe au ya njano ili macho yake yautambue. Fundi wa kuchomelea atengeneze mshikio wa bomba lenye unene wa sentimita nne hivi, lisimame sentimita 85 hadi 95 juu ya ngazi, nguzo zake zikiwa zimezikwa kwa zege. Mshikio huo upite mbele kidogo ya ngazi ya mwisho, kwa sababu watu wengi huanguka pale wanapodhani wamekwisha kufika chini. Kama fedha inatosha upande mmoja tu, uwe upande wa mkono wake wenye nguvu wakati wa kushuka. Utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe wakati wa mvua usuguliwe kwa brashi ngumu, na maji ya mvua yachimbiwe mfereji ili yasipite juu ya ngazi.

Kuhusu mwenye nyumba, mwendee na makadirio ya fundi mkononi, umweleze kwamba kazi hiyo itabaki kuwa mali yake, na muombe gharama ikatwe katika kodi. Akikubali, andikeni.

Bafuni, tatizo kubwa kwa kawaida ni sakafu ya saruji iliyopigwa niru, ambayo ikichanganyika na maji na povu la sabuni huteleza kama samaki aliyetoka ziwani. Fundi anaweza kumwaga tabaka jembamba la saruji na kulichora kwa fagio kabla halijakauka ili libaki na mikwaruzo. Mama aoge akiwa ameketi. Viti vya plastiki vyepesi sipendi vitumike hapo, kwani miguu yake hutanuka juu ya sakafu yenye maji na kuvunjika ghafla. Stuli ya mbao iliyovishwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu miguuni ni salama zaidi. Ndoo ya maji iwekwe juu ya kitu ili asiiname. Msumari wa kutundikia taulo au kanga usihesabiwe kuwa mshikio, kwa maana hautabeba uzito wa mtu anayeanguka. Na kama ukuta ni wa matofali ya udongo, bolti hazitashika. Zika bomba la kujishikia sakafuni kwa zege, karibu na anapooga na lingine mbele ya tundu la choo. Ikiwa magoti yanamsumbua kuchuchumaa, seremala amtengenezee kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 45 hivi.

Ndani ya nyumba, ondoa mikeka iliyokunjamana, nyaya zinazovuka njia na mabeseni ya mlangoni, na badala ya kandambili umnunulie viatu vyenye mkanda wa kisigino. Taa ndogo ya sola iwekwe mahali mkono wake unapofika kabla hajakaa kitako kitandani.

Utajiuliza kama yote haya yanaleta tofauti. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kurekebisha hatari za nyumbani kulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 26, na kwa wazee waliokuwa katika hatari kubwa, mathalani wale waliokuwa wameanguka katika mwaka uliotangulia, kwa takriban asilimia 38. Mama yako yumo katika kundi hilo la pili. Mapitio mengine ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya kujenga uthabiti wa kusimama na nguvu za miguu, yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Kwa hiyo kila siku ainuke kitini na kuketi tena mara kadhaa akiwa karibu na meza, na asimame akishika meza hiyo huku akiinua kisigino kimoja na kingine. Kaka yako ndiye afanye naye mazoezi hayo. Ataacha kuogopa akiona miguu ya mama inapata nguvu.

SWALI: Baba yangu, mwenye miaka 70, anatumia dawa za presha. Kila akisimama asubuhi anapata kizunguzungu, na juma lililopita aliangukia mlango. Ameamua mwenyewe kuruka vidonge. Pia amejinunulia mkongojo sokoni lakini unamwinamisha. Je, ni sahihi aache dawa? (Msomaji wa Nyakato)

JIBU: Hapana, asiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu presha isiyodhibitiwa inaweza kumletea kiharusi. Lakini kizunguzungu chake ni cha kweli na kinahitaji kupimwa. Mwombeni mhudumu wa kliniki ampime presha akiwa amelala, kisha ampime tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari ana sababu ya kuangalia upya aina ya dawa, kipimo chake au saa ya kuitumia. Nendeni na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwemo zile za kununua dukani bila cheti. Wazee wengi hutumia piritoni kwa mafua au kuwashwa bila kuihesabu kuwa dawa, ilhali inaleta usingizi na kuyumba. Dawa za usingizi nazo zina madhara hayo hayo.

Wakati huo huo aamke kwa hatua: akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo kwa dakika moja au mbili, ndipo asimame akishika kitu. Apimwe pia sukari, kwa kuwa kisukari huua hisia za nyayo hata mtu asijue amekanyaga nini, na macho, kwa kuwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Mkongojo wake ni mfupi. Asimame wima amevaa viatu, mikono ikining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini uwe na kifuniko cha mpira, na kama mguu mmoja unauma ashike mkongojo kwa mkono wa upande wa pili. Katika hospitali za rufaa kama Bugando na Sekou Toure wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaoweza kumfundisha kuutumia.

SWALI: Bibi yetu alianguka uani. Majirani walimvuta mikono wakamsimamisha, akaitwa mtu wa kuunga mifupa akamkanda kwa siku kadhaa, na tulipofika hospitali tukaambiwa nyonga imevunjika. Babu naye bado yupo nasi. Tufanye nini ikitokea tena? (Mjukuu, Sengerema)

JIBU: Poleni sana. Mzee akianguka, msimwinue mara moja. Kaeni naye chini, mwulizeni panapouma. Akiwa na maumivu makali ya kinena au nyonga, akashindwa kuinua mguu, au mguu ukaonekana mfupi na kugeukia nje, chukulieni kwamba nyonga imevunjika: msimkande, msimvute, mfunikeni asipate baridi, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo akiwa amelazwa juu ya kitu kilichonyooka. Vivyo hivyo kama amegonga kichwa, hata akionekana mzima, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Asipokuwa na maumivu, ajiinue mwenyewe nanyi mkimsaidia. Ageuke ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, kisha ajisukume juu na kuketi. Mfundisheni babu jambo hili sasa, akiwa mzima, juu ya mkeka sebuleni, na mumtundikie shingoni simu yake au filimbi, ili akianguka shambani au chooni asilale chini kwa saa nyingi bila mtu kumsikia.