Binti kapata leseni, na pesa ya bima iliyojificha

Binti yangu alipata leseni mwaka jana akiwa na miaka 19, wiki chache kabla ya kuanza masomo SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Sisi tunakaa Fuoni, chuo kiko Tunguu, na gari ya nyumbani ni moja tu: Vitz ya rangi ya fedha yenye thamani ya shilingi milioni 12. Siku aliyoingia ndani na kile kikadi mkononi nilijua gari si yangu peke yangu tena.

Kilichonijia kichwani mwanzo ni bima. Nina dada yangu London. Alipomwingiza mwanawe wa miaka 17 kwenye bima ya gari yake, malipo yalipanda hata akapiga simu kuuliza kama wamekosea kuandika. Hawakukosea. Kule wanamtazama dereva: ana umri gani, ana muda gani na leseni, anakaa mtaa gani. Mwishowe gari ikatiwa kiboksi kinachorekodi mwendo, breki za ghafla na saa anazotembea, ndipo bei ikateremka kidogo. Dada anasema ni choyo cha makampuni. Mimi naona choyo kipo, lakini sababu pia ipo: Marekani, kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 huingia kwenye ajali za vifo karibu mara 3 kuliko wa miaka 20 na kuendelea. Mwenye kuuza bima anazisoma hisabu hizo kuliko sisi wazazi.

Basi nikaenda kwa wakala wangu mjini roho iko juu. Kijana wa watu akanipokea vizuri. "Mama, huku tunaikatia bima gari, si mtu. Yeyote mwenye leseni uliyemruhusu wewe, anaendesha." Bima kubwa, ile inayolipia hata gari yako mwenyewe, asilimia 3.5 ya milioni 12, ni 420,000, kabla ya kodi na punguzo langu la kutodai. Bei ile ile ya mwaka uliopita, hata senti haikuongezeka. Nikatoka pale nacheka peke yangu, nikamrikodia dada sauti ya WhatsApp kumtambia kwamba Zanzibar bado kuna raha.

Raha ilidumu miezi minne.

Ilikuwa karibu na magharibi, anarudi chuo. Mbele yake gari ya ng'ombe imepakia mchanga, haina taa wala kitambaa chekundu nyuma, na jua linampiga machoni. Alipoiona ilikuwa keshafika. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini ule ubao wa nyuma wa gari ya ng'ombe uko juu kuliko bampa ya Vitz. Ukaivuka bampa, ukavunja taa ya kulia, ukakunja boneti na kuisukuma rejeta nyuma. Nilipofika nilikuta maji ya kijani yanachirizika lami, binti kakaa ukingoni kashika viatu mkononi, sijui kwa nini alivivua, na ng'ombe amesimama anatafuna kama hakuna lililotokea. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Gereji wakaandika 2,400,000. Sikushtuka, nina bima kubwa. Nilishtuka siku nilipoitwa kufunguliwa karatasi.

Kuna kitu watu wa bima wanakiita eksesi, yaani fungu la hasara unalolibeba mwenyewe kabla kampuni haijatia mkono mfukoni. Kwenye karatasi yangu ni asilimia 10 ya dai. Hiyo nilikuwa naijua. Chini yake, kwa maandishi ya kumpima mtu macho, kuna mstari mwengine: dereva akiwa chini ya miaka 21, au leseni yake haijatimiza mwaka, inaongezwa asilimia 10 nyengine. Binti yangu alikuwa na yote mawili. 240,000 na 240,000 ni 480,000. Nimelipa zaidi ya ada ya mwaka mzima, na punguzo langu la miaka mitatu bila ya madai likarudi sifuri.

Kwa hiyo bei ya dereva kijana ipo huku kama ilivyo London. Dada yangu anailipa mapema, mwezi kwa mwezi. Mimi ilikaa kimya kwenye karatasi ikinisubiri. Sikumlaumu yule kijana wa ofisini, hakusema uongo. Sikumuuliza tu suala lililotakiwa. Nilimuuliza "ataruhusiwa?" badala ya "akigonga yeye, mimi natoa ngapi?"

Ukitaka kumpa mwanao ufunguo, liulize hilo, na usiridhike na jibu la mdomo. Mwambie akuoneshe mstari wenyewe kwa kidole. Kila kampuni ina maneno yake. Ya kwangu yasikufanye udhani na ya kwako ni hayo hayo. Uliza pia kuhusu mwanafunzi wa udereva mwenye kibao cha L, maana wapo wanaomfundisha mtoto kwa gari ya nyumbani wakidhani amekingwa.

Kisha pesa ile ya eksesi iwepo pahala kabla ya ajali. Ikiwa gari yako ni kuukuu ya milioni tatu au nne, mimi kwa maoni yangu ningekata thadi pati na tofauti ningeiweka kando. Ila ujue thadi pati inamlipa uliyemgonga tu. Gari yako utaitengeneza mwenyewe.

Na kuna ushauri utakaoletewa na jamaa. Ami yake alifika pale barabarani, akanivuta pembeni: "Shemegi, sema ulikuwa unaendesha wewe, mambo yaishe." Nilivutika, sitaficha. Lakini trafiki alikuwa keshaandika jina la binti, na ningelisema vyengine ningeikosa hata ile 1,920,000 niliyolipiwa. Kosa nililolifanya ni jengine: nilimuahidi mwenye gari ya ng'ombe papo hapo kwamba kila kitu tutamlipa. Kampuni hawakupenda hata kidogo. Walitaka waarifiwe kwanza, wakadirie wao. Mwisho gurudumu lake nikalilipa kwa pesa yangu.

Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kuhuisha bima. Nilimtaka binti ausome ule mstari kwa sauti mbele ya wakala. Akasoma, akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, mara hii nitalipa mimi?" Sasa juu ya friji kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa tundu. Kila akichukua ufunguo anatia 1,000 katika pesa zake za chuo. Jana tulihesabu, zimefika 27,000. Na gari lazima iwe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi.