Daftari la Fildi Halisainiwi kwa Siku Moja

Jana jioni nikiwa nafunga ofisi yetu ya mawakili, aliingia mwanafunzi wa Law School, chuo cha kuandaa mawakili, na daftari lake la fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mkononi. Wiki zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiochoka: "Nilihudhuria mahakamani pamoja na wakili." "Nilifanya utafiti wa kisheria." Akasema, "Shikamoo dada, naomba unisainie tu, mwisho wa kuwasilisha ni keshokutwa." Katika wiki hizo zote nilimwona ofisini mara nne, na moja kati ya hizo alikuja kuchaji simu.

Sikumsainia, na wala sikumgombeza, kwa sababu daftari la namna hiyo nililibeba na mimi. Usiku nikakaa kuwaandikia haya, wadogo zangu mnaotoka LL.B., shahada ya kwanza ya sheria, na nyie mlioko Law School mnaosubiri kuapishwa kuwa mawakili mkidhani joho litaleta kazi lenyewe.

1. CV iwe kurasa mbili. Futa "kusoma vitabu, kuangalia mpira na kubadilishana mawazo". Futa na "naweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo", maana hatuajiri mtu tusiyetaka kumsimamia. Andika ulichokifanya: niliandaa rasimu ya majibu ya madai, niliwasikiliza wateja wa msaada wa kisheria, nilichapa mwenendo wa shauri. Na ukishaandika, uwe tayari kuulizwa. Mwezi uliopita nilikuwa na kijana mzuri sana, mtanashati, anaongea vizuri, kaandika "nimeshughulikia migogoro ya kazi CMA", yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikamuuliza: mtu kaachishwa kazi Machi 1, kaja kwako Aprili 20, unaanzia wapi? Akanieleza sababu halali na utaratibu wa haki kwa ufasaha ambao mwalimu wake angempa alama zote. Lakini siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi zilishapita! Kazi ya kwanza pale ni maombi ya kusamehewa ucheleweshaji, na kila siku iliyochelewa inatakiwa ielezwe. Wiki moja tu ya kukaa benchi la CMA na kusikiliza ingemtosha.

2. Ofisi ya ushauri wa ajira chuoni iendeeni mkiwa mwaka wa pili, si wiki ya mahafali.

3. Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini. Barua isainiwe, vyeti vithibitishwe, na matokeo ya muda au hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, hata ukiambatisha mara tatu. Halafu majina. Kila mwaka nasikia mwanasheria karudishwa mlangoni kwenye usaili kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu na cha chuo kinasema Maryam, na hana deed poll, hati ya kubadili jina. Nyie ndio mnaowaandalia wengine hizo hati, jamani!

4. Fildi ndiyo usaili wenu wa kwanza. Hapa nivumilieni kidogo.

Nilipangiwa fildi kwa wakili mmoja mtu mzima, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka, karani mmoja. Nilikuwa nimetamani ofisi za mjini zenye lifti na mapokezi ya kioo, kwa hiyo nilipoziona zile ngazi nikajiona nimedhulumiwa. Siku ya kwanza Mzee alinipa mafaili kumi na moja niyapange kwa tarehe. Nikaona hiyo ni kazi ya karani, mimi nina LL.B. Wiki ya pili nikaanza kuaga mapema. Wiki ya tatu nikaenda kumsaidia binamu yangu kuuza nguo Kariakoo, na Mzee nikamwambia mama anaumwa. Mama alikuwa mzima kabisa, yuko Morogoro anapalilia bustani yake. Nilimuuguza mama kwa mdomo hadi fildi ikaisha.

Siku ya mwisho nikarudi na daftari limejaa. Mzee akasoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Mama anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasaini ukurasa mmoja baada ya mwingine, asiseme neno jingine. Nikashuka ngazi nina furaha.

Miaka miwili baadaye nimeshaapishwa, joho ninalo, kazi sina. Nikaitwa usaili kwenye ofisi moja ya ndoto zangu. Maswali nikayajibu vizuri. Mkuu wa jopo akashuka hadi mwisho wa CV, akaona jina la Mzee kwenye wadhamini. "Huyu tumesoma naye," akasema, akachukua simu, akaiweka spika mezani. Sikuwa nimemwomba Mzee ruhusa ya kutumia jina lake. Sikuwa nimempigia hata kumsalimia tangu siku ile. Simu ikaita, mimi naomba moyoni isipokelewe. Ikapokelewa. Wakataniana, wakacheka, kisha akatajiwa jina langu. Kimya. Halafu nikamsikia Mzee: "Namkumbuka. Mama yake alikuwa anaumwa. Kazi yake siwezi kuisemea, sikuiona."

Hakunisema vibaya. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Walinishukuru kwa kuja, nikalia kwenye daladala kutoka Posta mpaka Mwenge.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Kesho yake nilipanda zile ngazi, nikamweleza Mzee yote, na habari ya mama pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha kabati la mafaili, nianze kazi. Nilikaa pale miezi minane kwa nauli tu. Yule karani, ambaye zamani nilikuwa nampita kama kiti, ndiye aliyenifundisha kufungua shauri kwenye mfumo wa mahakama, kuzungumza na watu wa masjala, na kuandika tarehe ya hukumu kwa wino mwekundu juu ya jalada. Siku moja akaniambia kwamba katika yale mafaili kumi na moja ya siku yangu ya kwanza, mawili yalikuwa na hukumu mpya za Mahakama Kuu, na siku 30 za notisi ya rufaa zilikuwa zinahesabika. Mzee alitaka kuona kama nitaziona. Ilikuwa kazi ya wakili, na ndiyo aliyonipa asubuhi ya kwanza kabisa, nikaiita ya karani. Karani ndiye aliyeziona.

Kwa hiyo ukipewa mafaili upange, yasome. Ukitumwa mahakama ya Kisutu kuchukua nakala ya hukumu, muulize wakili nakala hiyo inaenda kufanya nini. Na mdhamini apigiwe simu kabla ya jina lake kuingia kwenye CV, kila mara.

5. Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na bado napokea vijana wanaoandika barua ya Kiingereza ya kung'aa, ukiwapa hati ya madai waandike kwa Kiswahili wanakwama aya ya pili. Anayeandika hati safi kwa lugha zote mbili nitampa kiti kesho.

6. Njaa najua inauma. Boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, limekwisha, kodi inadaiwa, na getini mwa mahakama kuna mtu anakwambia, "Msomi, niandikie tu hii hati, mhuri tutautafuta." Usiandike. Hujaapishwa, na anayeandika hati bila kuapishwa ndiye kishoka tunayemlalamikia kila siku, na siku unaomba kuingia kwenye orodha ya mawakili mambo hayo hufufuka. Ukitaka uzoefu kabla ya kiapo, nenda kajitolee kwenye msaada wa kisheria, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ukae na mama aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Na Wiki ya Sheria kila Januari usiende kupiga picha tu. Mabanda yote ya watu unaowaandikia barua yapo pale, na wenyewe wamekaa wanasubiri maswali.

Daftari la yule mdogo wangu liko mezani kwangu sasa hivi. Nimesaini siku nne alizokuja, hata ile ya kuchaji simu, kwa sababu siku hiyo alimsaidia karani kubeba mafaili. Zilizobaki nimeziachia wazi, na mratibu wake nitampigia mwenyewe kumwombea muda. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tuna shauri la mirathi Temeke, Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia. Nimemwambia anywe chai kabisa kabla ya kuja, maana hatujui tutaitwa saa ngapi.